Minazi ya Mwinshehe kwenye Shamba la Kuazima

Ashatu, binti wa marehemu kaka yangu, nilimwozesha kwa Mwinshehe mimi mwenyewe. Kama nimewahi kukosea maishani, ni hapo tu. Mengine yote nimepatia.

Mwinshehe hatulii. Akisikia barabara ya lami itapita Dunda, anahamia Dunda. Akisikia bandari, anabeba godoro kuelekea pwani. Kila anakofika, bikoni za wapima ardhi wa mradi zimepandwa kwingine. Ashatu amehama mara tatu na watoto wawili, sufuria zimebonyea zote.

Mwaka jana shangazi yangu, Bi Mwanabaraka, akawaazima shamba kwenye uwanda mkavu nyuma ya Mbegani. Sharti lake ni la tangu enzi: pandeni mihogo, kunde, chochote cha msimu. Mti wa kudumu, marufuku. Kwetu sisi, apandaye mnazi amekwishasema ardhi ni yake.

Mara wakaja watu wa gesi, wakatoboatoboa uwanda. Ikasemwa bomba litapita pale, na wathamini watafika Alhamisi kuandika mali ya kila mtu ili alipwe fidia. Jumanne Mwinshehe akajaza bajaji miche ya minazi, akapanda arubaini kwa siku moja, ardhi ngumu kama mkate wa juzi. Mimi ningepanda themanini, ila mimi nina akili.

"Ing'oe," Ashatu akamwambia.

"Mke wangu, mnazi unalipwa. Mhogo nani anautazama?"

"Bibi akitufukuza hapa, mimi sihami nawe tena. Narudi kwa ba'mdogo."

Nikashtuka. Chumba changu cha mbele nimekwisha kukipangisha!

Jumatano asubuhi Bi Mwanabaraka akashuka kwenye bodaboda, buibui limejaa vumbi.

"Shikamoo, bibi," akasema Mwinshehe.

"Marahaba. Nini hii?"

"Minazi, bibi."

"Ya nani?"

Mwinshehe akajipangusa udongo mikononi.

"Kama ni yako, basi mimi hapa mgeni. Nipe maji ya kunywa niende zangu. Kama ni yangu, sikukutuma."

Mwinshehe akamtazama mkewe. Ashatu alikuwa anakunja nguo za watoto, moja moja, anazitia kwenye mfuko. Basi akainama, akang'oa mche wa kwanza. Hakupumzika mpaka wa arubaini.

Alhamisi mthamini akauliza, "Mwenye shamba?"

"Bi Mwanabaraka binti Khamis," Mwinshehe akajibu. "Sisi tumeazima tu."

"Na haya mashimo?"

"Ya mume wa mjukuu wangu," bibi akadakia. "Ana nguvu, hajui pa kuziweka. Andika mihogo, baba, mihogo ni yao."

Kisha akamgeukia Mwinshehe. "Yafukie, upande kunde. Mnakaa."

Ashatu akatoa nguo mfukoni, akampa mumewe jembe. Mwinshehe alifukia hadi alasiri. Lakini kila gari lilipopita kule barabarani alisimama, akaliangalia mpaka likapotea, na Ashatu akamwita jina.