Kabichi Iliyochacha na Mama Mkwe

Karibu na ofisi yangu kuna kaduka kanakouza sandwichi moja ninayoipenda kupita kiasi: nyama ya ng'ombe iliyolowekwa chumvi na viungo, kabichi chachu, jibini inayovutika, na sosi ya rangi ya waridi, vyote vikibanwa katikati ya mkate wa kahawia wenye mbegu za kisibiti. Siku moja mwenzangu kazini aliniambia vitu hivyo hivyo vinaweza kupangwa tabaka kwa tabaka kwenye bakuli la kioo na kuokwa, vikalishe watu wengi. Wazo halikunitoka tena. Kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili, Jumapili ile kila familia ilitakiwa kuleta chakula, na nilishachoka kubeba pilau mahali penye mapilau mengine manne.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Iringa, na tangu alipotia mguu kwenye nyumba yetu ya ghorofani, hapa Flemingdon Park, ughaibuni, jiko lilikuwa lake. Mimi nilikuwa mpangaji.

Ijumaa jioni nilirudi na mifuko. Mama mkwe akafungua chupa ya kabichi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mwanangu, wamekuuzia kitu kibovu."

"Hapana, Mama. Ndivyo ilivyo. Imechachishwa makusudi."

"Makusudi?" Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba nimeibiwa na bado sijajua.

Nikaenda kuoga. Nilipotoka, chupa ilikuwa tupu, imeoshwa, imeanikwa juu ya taulo. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo sebuleni, uso mtakatifu kabisa. Kesho yake nilipanda basi hadi dukani Don Mills, nikanunua chupa nyingine, nikaificha ndani ya kapu la nguo chafu. Mume wangu aliniona. Akajifanya anatafuta soksi.

Jumapili nikaamka kabla ya mama mkwe. Nikakata mkate vipande, nikatandaza nyama, nikaikamua kabichi na kuisambaza juu yake, nikamwagia sosi, kisha mayai yaliyopigwa na maziwa, na jibini juu kabisa. Oveni ilipoanza kufanya kazi yake, harufu ilitambaa hadi chumbani kwake. Akatokea mlangoni na kanga puani.

"Ile kabichi imefufuka?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu, macho yakiwa kwenye oveni. Kisha akaenda kukanda unga wa chapati zake, ili familia isiaibike.

Kanisani, bakuli langu lilikaa peke yake mwisho wa meza, watu wakilipita. Mama mkwe alilitazama kwa furaha ambayo hakujali kuificha. Ndipo akaja mwenyekiti wa akina mama, mtu ambaye ulimi wake unaogopwa na wapishi wote. Akachota kidogo. Akatafuna. Akachota tena, safari hii si kidogo.

"Nani kapika hiki?"

Nikafungua kinywa, lakini nilichelewa.

"Sisi," akasema mama mkwe, akinishika bega. "Ni chakula cha kwetu. Cha sherehe."

Halafu nikaona nafasi yangu.

"Mama," nikasema kwa adabu zote, "hebu waeleze jinsi mnavyoiandaa ile kabichi."

Alinikata jicho. Akina mama walishamzunguka na sahani zao.

"Kabichi," akaanza polepole, "unaikatakata, unaitia chumvi, unaifunika kwenye chungu. Kisha unaisahau."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka ikukumbushe yenyewe."

Walicheka, wakakubali, na bakuli likaisha. Kabla hatujaondoka, mwenyekiti alikuwa amepanga kuja kwetu Jumamosi na wenzake watatu kufundishwa.

Ndani ya basi mama mkwe alitazama dirishani. Tulipokaribia kushuka akaniinamia. "Ile chupa ya pili uliificha wapi?"

"Kwenye kapu la nguo chafu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, na mimi nikashindwa kujizuia.

Lakini alilipiza. Jumamosi wageni walipofika, alijiwekea kiti katikati ya jiko, akapokea chai, akasema, "Mkwe wangu atawaonyesha." Nikakata kabichi hadi mkono ukafa ganzi, naye akisahihisha: nyembamba zaidi, chumvi bado, huko kwetu hatushiki kisu hivyo. Wageni waliitikia kwa vichwa kila alichosema.

Mwishowe mwenyekiti akauliza chakula hiki kinaitwaje. Mama mkwe akanielekezea kidole. "Muulizeni. Nilishamfundisha."

Nikasema la kwanza lililonijia: "Mkwe Kanuna."

Jiko zima lililipuka kwa kicheko, yeye wa kwanza. Jina likashika. Siku hizi kukiwa na chakula kanisani, mtu husimama na kuuliza kwa sauti, bila tabasamu, nani ataleta Mkwe Kanuna. Mama mkwe amesharudi Iringa, na kila tukipigiana simu bado tunabishana ni mkwe yupi kati yetu aliyenuna.