Shingo ya Fahali

Nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo, Dagoretti Corner, nikinunua chakula cha kuku. Mzee mmoja alimwambia daktari wa mifugo kwamba ng'ombe wake hawashiki mimba, na wawili ameshawachinja.

"Vipimo vya fahali vimerudi, mzee. Shida ni yake."

"Huyo? Si uliona shingo yake?"

"Shingo ni sawa. Kasoro iko kwa jeni, alizaliwa nayo. Ng'ombe wako ni wazima."

Mzee alivua kofia, akaiweka kwenye kaunta. "Na wale wawili?"

Daktari aliikunja karatasi ya majibu. Nami nilipigwa na butwaa. Katika ndoa yangu yote niliitwa tasa. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, tulimzika hajawahi kupimwa. Naye alikuwa na shingo nene.