Baba Anayekatwa Mshahara

Baba wa binti yangu ni dereva wa kampuni moja ya ujenzi Katesh. Tulipoachana, yeye alibaki Jorodom, hukohuko Katesh, mimi nikarudi Dongobesh kwa mama yangu na mtoto wa miaka saba, pamoja na shahada ambayo mama aliitundika karibu na kalenda ya kanisa.

Matunzo alikuwa akiyaleta mwenyewe, alipopenda. Mwezi huu maharage, mwezi ujao kimya, halafu ghafla anashuka kwenye Noah na jogoo kwapani. Mtoto alikuwa anamkimbilia hadi barabarani, anarudi amening'inia mkononi mwake. Lakini sare ya shule hainunuliwi kwa jogoo, na mimi chuoni nilisoma somo zima la sheria. Nikaenda ustawi wa jamii, kisha mahakamani. Hakimu akaagiza mwajiri akate sehemu ya mshahara wake kila mwezi na kunitumia, kabla mwenyewe hajaugusa. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyegundua dawa ya malaria.

Dawa ilifanya kazi. Mwisho wa mwezi simu inalia, hela imeingia. Hakuna kubembeleza, hakuna kugombana. Niliandika hata makala ya kusifu utaratibu huo, na watu wakanipongeza.

Ila yeye hakuja tena. Mwanzoni nilidhani amenuna. Baadaye nikampigia.

"Hela si unaipata?" akauliza.

"Naipata. Mtoto anakuulizia."

"Mwambie nitakuja nikikaa vizuri."

Hakukaa vizuri mwaka mzima. Binti akaacha kuuliza, na mimi, kwa elimu yangu yote, nikaona amekua.

Mama ndiye aliyenieleza, tukipukuchua mahindi. "Wewe ulitegemea aje?"

"Kwa nini asije? Simdai kitu."

"Ndiyo hivyo sasa. Mkwe ataingiaje kwangu mikono mitupu? Aje kutuonyesha vidole? Hela yake inafika kabla yake. Siku hizi hapa anayeleta ni simu."

Kwetu hata anayekuja kuomba msamaha huja na sukari. Nililijua hilo tangu utotoni. Mbele ya hakimu halikunijia kabisa. Ningeweza kuomba akatwe hela ya shule tu, chakula aendelee kuleta mwenyewe, hata kama ni jogoo, hata kama amechelewa. Mimi nilitaka kila kitu kipite mahali pamoja, kwa usafi.

Nikamrudishia kiasi kidogo kwa simu, na ujumbe: "Nunua sukari, uje Jumapili."

Alikuja, amevaa shati la kanisani, amebeba sukari, chumvi na mche wa sabuni. Mama aliupokea mfuko kwa mikono miwili na kumuuliza habari za Katesh, kana kwamba alikuwepo juzi. Binti akatoka jikoni. Akamwamkia shikamoo vizuri, akamsogezea kiti cha wageni, akamletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Kisha akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama anavyofanya siku mchungaji wa kanisa akitutembelea, akingoja kuona kama mgeni atahitaji kitu kingine.