Kibuyu Changu Nyumbani kwa Rafiki

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kukosea kisha akaniongezea umri wa kuomba radhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nina duka dogo la vitu vya nyumbani upande wa Kiruruma. Rafiki yangu ni mkulima wa migomba na kahawa, mzee wa kanisa. Tunajuana tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Kwake hukamua ndizi kwa kuzikanyaga pamoja na nyasi, kwa ajili ya rubisi, pombe ya kwetu. Kila wanapokamua, kabla mtama haujatiwa ili ichachuke, yeye huchota ile juisi tamu na kujaza kibuyu kimoja ambacho hutundikwa peke yake ukutani. Kibuyu hicho hakijawahi kuguswa na pombe. Ni changu. Huniletea dukani siku hiyohiyo, maana juisi ikilala huanza kuchacha, nami siinywi tena.

Mimi ni mtu wa mikutano. Madrasa nilifundishwa kwamba uongozi ni amana, na nimeamini siku zote kwamba waadilifu wakibaki shambani, kijiji kitaongozwa na wenye sauti kubwa. Basi kila nilipomtembelea nilimweleza hayo: chama, kadi, uchaguzi, wajibu wa mwananchi. Yeye aliendelea kukata majani makavu ya migomba.

“Umemaliza?” aliniuliza.

“Bado.”

“Basi shika panga, uendelee huku unafanya kazi.”

Mwaka jana kijiji kiliitisha mkutano wa kuchagua kamati ya maji. Nilimbembeleza, akaja kwa heshima yangu, akakaa nyuma kabisa. Yalipoitishwa majina nilisimama nikalitaja lake, bila kumuuliza. Nikaeleza uaminifu wake, subira yake, hata jinsi anavyofunga mbuzi wake wasile mahindi ya jirani. Watu wakapiga makofi. Akasimama polepole, kofia mkononi.

“Nashukuru,” alisema, “lakini sikuomba.” Akatoka.

Wote wakanigeukia mimi.

Kwa majuma matatu hakupita dukani, nami aibu ilinizuia kwenda kwake. Kisha asubuhi moja mama mmoja aliyekuja kununua sabuni akasema kwamba kwa rafiki yangu wanakamua ndizi. Nikamngojea. Nikaswali Adhuhuri, nikaswali Alasiri, hakutokea mtu. Nikawaza kwamba pengine kibuyu changu kimeshatiwa rubisi kama vibuyu vingine, na kama ni hivyo, basi urafiki wetu umekwisha. Nilifunga duka nikaenda.

Nilimkuta uani, ananawa miguu iliyojaa nyasi za kukamulia.

“Karibu, waitu,” alisema, kwa neno letu la heshima. “Kumbe miguu yako inajua na njia nyingine, si ya mkutanoni tu?”

“Nimekuja kuomba radhi, ndugu yangu. Nilikusimamisha mbele za watu bila ruhusa yako.”

“Ulinisifu mpaka nikageuka kutafuta jeneza langu.”

Mkewe akacheka kutoka jikoni. “Na huyo mtu uliyemsifu, shemeji, anakaa wapi? Mimi sijamwona!”

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

“Siku ya kuchimba mtaro wa bomba nitakuja na jembe langu,” alisema rafiki yangu. “Kiti cha kamati sikitaki. Ukinisukuma tena, nitatoka tena.”

“Sitakusukuma.”

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu changu kimezibwa kwa jani la mgomba. “Leo sikukuletea makusudi. Nilitaka uje mwenyewe. Kunywa, jua linashuka.”

Nilisema bismillahi nikanywa. Ilikuwa tamu kama siku zote. Ndipo nilipokumbuka kwamba miaka yote hiyo, katika sherehe zote za nyumba ile, wageni wengine wakinywa rubisi, hajapata kuniambia hata mara moja, “Onja kidogo tu.” Mimi niliposema sinywi, alinitafutia kibuyu akakitundika ukutani. Yeye aliposema hataki siasa, nilikata rufaa kila nilipomtembelea.

Siku ya mtaro alifika kabla yangu, akachimba kipande chake na nusu ya kipande changu, kwa sababu mgongo wangu si wa jembe tena. Maji sasa yanafika kwetu. Mikutano bado naihudhuria, na ninayoyaamini sijayaacha hata moja. Nikirudi hupita kwake. Akiuliza yaliyosemwa, namsimulia. Mara nyingi huuliza tu kama huko mvua imenyesha. Namjibu imenyesha, au haijanyesha, na tunakaa pamoja kwa amani.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuruzuku rafiki wa kukutunzia kibuyu chako, na akujaalie ulimi unaojua kupumzika. Amina.