Dakika za Dishi la Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mawasiliano alinipeleka nyuma ya ofisi kuliona dishi la setilaiti. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi nje ya Kibondo, nami nilitoka chuo cha ufundi Morogoro na cheti na woga mwingi.

"Hiyo ndiyo kasi, kijana," alisema. "Barua inafika Zaire hujameza mate. Lakini kila dakika tunalipa dola, na dizeli ya jenereta inatoka Kasulu kwa lori linalokwama. Ukizubaa umekula posho za wenzako."

Tangu hapo nilihesabu dakika hata nikitafuna ugali.

Kila adhuhuri tuliunganisha kompyuta na setilaiti, tukatuma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Kambi za Zaire ziliyabandika ubaoni; aliyeona jina lake alikwenda kulidai. Siku moja nikaona jina Butoyi limeandikwa mara tatu. Nikadhani karani amerudia. Nikafuta mawili, Mkuu akanisifu.

Nje kulikuwa na ukungu. Bukuru, mwanamke mkimbizi aliyekuja kila adhuhuri kushika nguzo ya dishi, alikuwa ameondoa kiganja chake.

"Bwana redio, leo mmemtoa."

"Nani?"

"Pacha wangu. Jana alikuwa anapita hapa."

Hakujua kusoma, wala sikuwa nimemwambia mtu. Nikamuuliza dereva wetu, Muha wa Heru Juu, kuhusu majina yale. Alicheka.

"Injinia, na shule yote hiyo? Mapacha huku, wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Kila nyumba yenye mapacha. Hao ni watu watatu." Akaacha kucheka. "Umewafuta?"

Siku tatu niliwaza jinsi ya kumwomba Mkuu dakika za kurekebisha. Niliandika maombi, nikayachana, nikaandika tena. Siku ya nne nikatuma majina yote matatu bila ruhusa, pamoja na vilima walivyotoka, maana kwao kilima ndiyo anwani.

"Nani amekula dakika zangu?" Mkuu aliuliza. Nilipomweleza alikwenda kukaa kwenye gari.

Jibu lilikuja kesho yake. Pacha wa Bukuru alifika kambi moja ya Zaire siku ileile niliyofuta majina. Jina lililobaki lilikuwa limeshadaiwa na Butoyi mwingine. Aliambiwa hakuna anayemtafuta, akafuata msafara ulioelekea msituni. Hajulikani alipo.

Nilimwendea Bukuru pale kwenye nguzo.

"Najua," alisema. "Aliniuliza kwa nini nimenyamaza."

Nilihamishiwa Kasulu, kisha Kitanga, chini ya wakuu watatu, hadi nikastaafu. Vijana wananiuliza mtandao ulikuwa ghali kiasi gani enzi zetu. Nawaeleza habari za dola na dizeli, na wanaridhika.

Kwenye simu yangu nina Butoyi wawili. Mmoja ni fundi cherehani wa hapa Kasulu. Wa pili, yule pacha, hana namba. Mara kwa mara simu huniuliza kama ni mtu mmoja, iwaunganishe.

Nabonyeza hapana, haraka, kabla sijaanza kuwaza.