Ngazi Tisa za Jengo Jipya

Jumanne nilikwenda ukumbini kutoa maoni kuhusu jengo la ofisi linalotarajiwa kujengwa katikati ya mji wetu wa Morogoro. Mchoro ulibandikwa ukutani: ghorofa nane, vioo vitupu. Mshona viatu mmoja wa kata ya Mafiga aliusogelea kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akahesabu kwa kidole.

"Ngazi tisa mlangoni. Mimi nitaingiaje?"

"Shikamoo mzee. Lifti ipo," alijibu msanifu, binti mdogo tu.

"Ipo wapi?"

"Ndani."

Mwenyekiti wa kikao akakohoa. "Tutalifanyia kazi. Swali jingine?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama mmoja akasema kwa ukali, "Mjibuni huyo kwanza!"

"Binti achore njia yangu sasa hivi, nikiwa hapa," alisema yule mzee.

Binti alimtazama bosi wake aliyekaa kando ya mwenyekiti, kisha akachukua penseli na kuchora njia ya mteremko pembeni mwa ngazi.

"Ilaze zaidi, mwanangu. Hiyo itanirudisha barabarani."

Akafuta, akailaza.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kulalamikia rangi ya vioo. Zamu yangu ilipofika, nilisema sina la kuongeza.