Mawe ya Bahari Juu ya Kichanja

Watu wa mtaani kwetu Mwembesongo walicheka waliposikia naagiza maji ya bahari. Walikuwa na haki ya kucheka. Hapa maji yanashuka yenyewe kutoka milimani, matamu na ya baridi, halafu mtu mzima anakaa barazani kusubiri madumu ya maji ya chumvi yatoke Dar. Jirani mmoja aliniuliza kama nina mpango wa kuuza pweza. Nilimjibu vibaya. Siku hizo nilikuwa namjibu vibaya kila mtu, maana nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutokea mdomoni ikiwa hasira.

Hofu yenyewe ilikuwa hii: binti yangu alikuwa amechoka kuja kwangu.

Mimi na mama yake tuliachana mtoto akiwa bado ananyonya. Wao wakahamia Kigamboni kwa mjomba wake, na kila likizo ndefu mtoto aliletwa Morogoro, kwangu na kwa bibi yake. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anapewa shikamoo yake, lakini likija suala la mtoto akae wapi au aende wapi, anasubiri kuambiwa kama watu wengine. Sikuwahi kuilalamikia mila hiyo pale ambapo mimi ndiye niliyekuwa mjomba, kwa watoto wa dada zangu. Niliiona ina akili sana.

Likizo ya Desemba binti yangu alikaa kwangu kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Hakuwa na utovu wa adabu. Alikula, alifagia, alimsaidia bibi yake kuchambua mchele, kisha akakaa mlangoni na kutazama barabara. Nilipomuuliza ana nini, alisema huku hakuna kitu. Kwao maji yakipwa anashuka ufukweni na kuchungulia samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi vya mawe. Alinieleza habari za samaki hao jioni nzima, na ndiyo ilikuwa jioni pekee ya likizo ile niliyomsikia akiongea bila kuulizwa.

Baada ya shule kufunguliwa mjomba wake akanipigia simu.

"Shemeji," alisema, "mtoto amekua, ana akili zake sasa. Likizo ya Juni atakuja kama kawaida. Halafu tumsikilize mwenyewe. Akisema hataki tena, tusimlazimishe."

Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Ningepata nafuu kama angenitukana.

Mkono mtupu haulambwi. Nina duka la taa, nyaya na swichi; sina ufukwe. Nikaamua kwamba kama mtoto anataka samaki wa baharini, atawakuta sebuleni kwangu, chini ya Milima ya Uluguru, na hatakuwa tena na sababu ya kutazama barabara. Leo nikiyaandika haya naona aibu, lakini wakati ule niliona nimepata ufunguo wa maisha.

Tangi lilitengenezwa na fundi vioo anayetengeneza madirisha na fremu za picha. Huko Dar nilimpata muuzaji mmoja mwenye kibali cha kuvua samaki wa mapambo. Maji yalikuja na lori linaloleta samaki wa barafu sokoni, madumu yamefungwa kwa mipira ya baiskeli. Baada ya maji yalikuja mawe, yamefunikwa magunia mabichi, yananuka shombo mpaka dereva akaniomba nisimwite tena. Yalikuwa mawe yenye matundu matundu, yameota utando wa kijani na wa zambarau, yanateleza mkononi.

"Hayo mawe ni mazima," muuzaji aliniambia kwenye simu. "Ndani yake kuna vidudu huwezi kuviona kwa macho. Vyenyewe ndivyo vinavyokula mkojo na uchafu wa samaki. Bila hivyo, samaki watavuta mkojo wao wenyewe mpaka wafe. Kwa hiyo usiwe na papara, bosi. Acha mawe yakae kwenye maji wiki kadhaa. Ukiona mambo yametulia, tia samaki mmoja. Huyo akiishi, ndiyo utie wa pili."

Nilimsikiliza. Nataka jambo hilo lijulikane, kwamba nilimsikiliza. Nilianza mapema, wakati wa mvua za masika, ili Juni inikute tayari. Nikaweka pampu, chujio na hita, maana baridi ya Juni hapa kwetu si mchezo. Kila nikitoka dukani nilikaa mbele ya tangi lisilo na samaki. Mwanzoni maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Baadaye yakatakata. Kwenye tundu moja akatokea mnyoo mwembamba, akachungulia na kurudi. Kwenye jiwe jingine alikuwepo kaa mdogo kuliko punje ya hindi ambaye hakuna aliyemnunua. Alikuja tu na jiwe lake. Nilimpenda kaa yule kupita kiasi. Nilimpiga picha nikamtumia binti yangu, akanijibu kwa sauti kwenye simu: "Baba! Ana macho!" Nilisikiliza sauti ile mara nyingi nikiwa kaunta, wateja wakisubiri balbu.

Mama yangu anaishi na mimi. Alizaliwa Kinole, na usafi wake ni ule wa watu wa milimani walioteka maji mtoni tangu wakiwa wadogo na hawakuona sababu ya kitu chochote kuwa kichafu. Sufuria zake zinang'aa nje kuliko ndani. Alipojua mjukuu anafika Jumamosi, alianza na mapazia, akaja na mikeka, akapanda kwenye kochi kufuta utando wa buibui darini. Mimi nikaenda dukani nikiwa na amani.

Niliporudi, mawe yangu yalikuwa uani, juu ya kichanja cha vyombo, kati ya sahani na masufuria, yamegeuzwa jua liyapate kila upande. Yalikuwa meupe kama mihogo iliyomenywa.

Mama alikuwa amekaa pembeni na brashi yake ya kufulia na sabuni ya unga.

"Mwanangu, yale mawe yalikuwa yameoza," alisema. "Yana utelezi, yana harufu, mengine yameota vitu sijui vya nini. Nimeyasugua moja moja. Hata lile sponji la kwenye mashine yako lilikuwa jeusi, nimelifua. Mjukuu wangu atakuta nyumba safi."

Mikono yake ilikuwa imekwaruzwa na mawe, vidole viwili vinatoa damu. Alikuwa ameyasuuza kwa maji ya bomba mara nyingi, kwa sababu ni mtu asiyependa povu libaki kwenye chombo. Nilimtafuta yule kaa kwa macho, kwenye kichanja, chini ya kichanja, kwenye mfereji wa maji machafu. Kuna hasira ambayo mtu hana pa kuipeleka. Mama hakemewi, na huyu alikuwa amejichuna mikono kwa ajili ya mtoto yule yule ninayemtaka mimi.

"Ahsante, mama," nilisema. Nikaenda kukaa chooni, maana ndipo penye mlango unaofungika.

Nilimpigia muuzaji. Nilipomweleza, akasema, "Basi hayo sasa ni kokoto, bosi. Anza upya. Usitie samaki."

"Mtoto anafika Jumamosi."

"Mwambie asubiri."

Mwambie asubiri! Kwetu mgeni akitarajiwa, unakopa hata kuku wa jirani. Humkalishi mtu mbele ya sahani tupu ukamweleza habari za vidudu visivyoonekana. Na mgeni mwenyewe alikuwa anakuja kwa mara ambayo ingeweza kuwa ya mwisho. Nilimwambia muuzaji alete samaki wote aliokuwa ameniwekea, wote kwa pamoja. Alinionya tena. Nikamjibu vibaya naye.

Walikuja kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, samaki kangaja mmoja wa buluu, na kitatange wa njano, mwembamba kama kipande cha papai. Niliyarudisha mawe ndani, nikamimina samaki, na kwa macho ya mtu asiyejua kitu, bahari ilikuwa imefika Mwembesongo.

Binti yangu alipoingia hakumaliza hata kunisalimia. "Shika-" alisema, akaacha begi mlangoni. Alipiga magoti mbele ya kioo, akakaa hapo mpaka bibi yake akamletea chakula palepale mkekani. Alinifundisha majina. Aliniambia kitatange hupenda kutembea wawili wawili, kwa hiyo huyu wetu atakuwa mpweke. Alimpigia mama yake kwa video akamwonyesha tangi, kisha akageuza simu akanionyesha mimi. Nilipunga mkono. Nilikuwa na furaha, na chini ya furaha nilikuwa najua. Ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwamba nilikuwa najua.

Kitatange ndiye aliyeanza. Aligoma kula. Akawa anahema harakaharaka karibu na uso wa maji, mdomo wazi. Kisha wale wa rangi ya chungwa wakajikunyata pembeni ya hita. Maji yakawa meupe tena. Nilifanya kila nilichosoma kwenye simu na kukielewa nusu. Nilitaka kubadilisha maji, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha na lori haliji mpaka wiki ijayo. Nikachanganya maji ya bomba na chumvi ya jikoni, nikaonja kwa ulimi mpaka nikaona imefanana. Kangaja akafa jioni ile ile.

Mama yangu alimtoa kwa upawa, akamwangalia. "Huyu si wa kutupa," alisema. "Ni wa kukaanga." Alisema kwa kutaka kutuchekesha. Binti yangu aliinuka akaenda chumbani.

Hapo ndipo mama aliponifuata uani. Alikuwa amenisikia kwenye simu nikibishana na muuzaji.

"Ni yale mawe?" aliniuliza. "Ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni samaki wenyewe. Hawajazoea baridi yetu."

Hakuniamini. Kesho yake alikaa kutwa nzima bila kugusa ufagio, na sijawahi kuiona siku nyingine ya namna hiyo maishani mwangu.

Mtoto hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia. Aliamka kila asubuhi akaenda kwenye tangi kwa hatua za mtu anayeingia msibani, akatazama nani amebaki, akaja kunipa habari kwa sauti ndogo: "Baba, mmoja tena. Pole." Pole! Alikuwa ananipa pole mimi. Alipoona namtazama sana alianza kujifanya anapenda mambo mengine. Alisifia ndizi za Kinole. Aliomba twende Mlali tukaone mashamba, twende popote, ilimradi nisikae kwenye kile kiti. Tulikwenda. Alicheka mahali pa kucheka. Mtoto wa darasa la tano alikuwa ananilea, na kazi ile ilikuwa inamchosha. Niliona usoni mwake kila tuliporudi nyumbani na kufungua mlango.

Alipokufa wa mwisho, alinisaidia kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga. Tuliyamwaga mtaroni, kwa sababu chumvi ingeua mchaichai wa bibi yake. Jirani yule wa pweza alituona. Safari hii alirudi ndani kwake.

Mjomba alikuja kumchukua mwenyewe, badala ya kumtuma mtu. Hapo nilijua kikao kimefika. Alimwamkia mama yangu, akaketi, akaletewa chai na maandazi. Tangi lilikuwa nyuma yake, kavu, mama amelifuta mpaka unajiona ndani yake. Tuliongea mambo ya mvua na bei ya mchele. Kisha akaweka kikombe chini.

"Haya, mjomba," alimwambia binti yangu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Sema mbele ya baba yako na bibi yako. Hakuna atakayekasirika. Desemba utakuja?"

Mtoto alinitazama. Alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa amekunja mikono ndani ya khanga. Nikamwona anakusanya nguvu, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla ya kuja kunipa pole.

"Nitakuja," alisema. "Napenda kuja."

Mama yangu alishusha pumzi. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, na mkono wake ukarudi kwenye kikombe. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka tangu Desemba, mbele ya mashahidi, kutoka kinywani mwa mwenyewe, na hakuna mila ambayo ingeninyang'anya.

"Hapana, shemeji," nilisema. "Mwache apumzike Desemba. Akae kwao. Siku akitaka mwenyewe, atasema."

Mjomba aligeuka kunitazama kwa mshangao. Mama aliniita kwa jina langu la utotoni, taratibu, kama mtu anayezuia kitu kisianguke mezani. Mimi nilikuwa namtazama binti yangu. Nilikuwa nasubiri abishe.

"Asante, baba," alisema.